Wingi wa Kura na Wingi wa Kaunti: Haki Iko Wapi?

Twataka kusema na ndugu zetu juu ya jambo ambalo kulla baada ya miaka mitano huja likatugawanya, kisha tukalisahau kabla hatujalifahamu.

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha huku Kawangware yuko kijana mmoja, asili yake Amu, ambaye mchana huuza miwani na saa katikati ya mji, karibu na Msikiti wa Jamia. Usiku mmoja, tulipokwisha kufunga kitabu na wenziwe wameanza kutafuta viatu vyao, yeye alibaki akaniuliza: “Maalim, mimi nimejiandikisha kupiga kura hapa Dagoretti, na mama yangu amejiandikisha kwetu Amu. Kura yangu na kura yake, ipi iliyo nzito?”

Nilimjibu upesi, kama ilivyo ada yetu sisi walimu tunapoulizwa jambo tusilolifikiri. Nikasema: “Ni sawasawa, mwanangu. Mtu mmoja, kura moja.” Akanyamaza kwa adabu, kisha akasema: “Walakini, Maalim, sheria yasema Rais hapati kiti illa apate robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Na Lamu ni kaunti moja, na Nairobi nayo ni kaunti moja. Basi zitakuwaje sawasawa?”

Hapo nilitambua ya kuwa mwanafunzi amemshinda mwalimu wake. Nikamwomba anipe muhula, na makala haya ndiyo jawabu niliyomwahidi.

Kwanza tuieleze sheria ilivyo, maana wengi wetu twaijadili barazani na hatujapata kuisoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 138, imeweka mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ya vichwa: mtu hawi Rais illa apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Mizani ya pili ni ya mahali: tena awe amepata angalau kura 25 katika kulla 100 ndani ya kaunti zaidi ya nusu, na kaunti zote ni 47, basi zatakiwa zisizopungua 24. Wasipopata yeyote aliyetimiza yote mawili, wale wawili wa mbele hurudi kupigiwa kura mara ya pili, na hapo mwenye nyingi ndiye.

Sasa tuitazame hesabu ya kijana wetu. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 Nairobi iliandikisha wapiga kura 2,415,310. Kaunti ya Lamu iliandikisha 81,453, nayo ndiyo iliyokuwa na wachache kuliko kaunti zote. Nairobi basi ni kama Lamu 30 kasoro kidogo. Katika mizani ya kwanza mama na mwanawe wako sawa, kulla mmoja ni punje katika gunia la punje milioni 22 zilizoandikishwa. Lakini katika mizani ya pili kaunti ya mama yapimwa jiwe moja, na kaunti ya mwana yapimwa jiwe moja lile lile. Mama asukuma jiwe lake pamoja na watu elfu 81, na mwana asukuma la kwake pamoja na watu milioni mbili na laki nne. Kwa hivyo kijana alisema kweli: katika mizani hiyo kura ya mama ni nzito karibu mara 30. (Na labda ni haki yake, kwa kuwa ni mama, walakini sheria haikukusudia hivyo.)

Swali basi ni hili: je, sheria imefanya uadilifu au imefanya dhulma?

Ijumaa iliyofuata, nilipotoka Jamia, nilipita Bustani ya Jeevanjee, ambako watu hukaa mchana kutwa wakijadili mambo ya serikali, wengine wana kazi na wengine hawana. Nikasimama pembeni nikasikiliza. Mmoja alikuwa akisema: “Kaunti haina roho wala haina tumbo. Mtu ndiye mwenye njaa. Hesabu watu, uache milima na majangwa.” Mwingine akamjibu: “Ukihesabu watu tu, basi makabila mawili au matatu yatakaa mezani yakagawana nchi milele, na sisi wengine tutakuwa wa kuitwa siku ya kupiga makofi.” Wote wawili niliona wana haki, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima mpaka nilipofika kwangu.

Tufanye mfano. Mtaa una nyumba kumi na kisima kimoja. Nyumba moja ni kubwa, ina watu 40. Nyumba tisa ni ndogo, kulla moja ina watu wanne, jumla yao 36. Wanataka kumchagua msimamizi wa kisima. Wakihesabu vichwa, nyumba kubwa itamtoa msimamizi leo na kesho na keshokutwa, wala haitakuwa na haja ya kubisha hodi katika nyumba nyingine hatta siku moja. Wakihesabu nyumba, basi watu 24 wa nyumba ndogo sita waweza kuwatawala watu 40 ambao nao wana kiu kama wao. Katika hesabu ya kwanza wachache hawana mlango. Katika hesabu ya pili wengi huambiwa ya kuwa mtu wao mmoja si mtu mzima. Hakuna katika hizi mbili iliyo haki peke yake.

Nasi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Unguja na Pemba, mwezi wa Julai 1963, zilifanya uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Chama cha Afro-Shirazi kilipata kura 54 katika kulla 100. Lakini viti vilikuwa 31, na katika hivyo Afro-Shirazi walipata 13 tu, kwa kuwa kura zao zilijazana kwa wingi mkubwa katika majimbo machache. Hizbu walipata viti 12, na wenzao wa chama cha watu wa Zanzibar na Pemba wakapata 6. Wakaungana, wakawa 18, wakashika serikali. Kwa sheria iliyokuwapo, ilikuwa serikali ya halali. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi, na yaliyofuata kulla nyumba ya pwani yayajua, ama kwa kuambiwa na mzee wake ama kwa kaburi.

Wako kati ya wasomaji wetu waliotoka upande huu, na wako waliotoka upande ule. Sisemi ya kuwa hesabu ya viti ndiyo iliyoleta damu. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilitangulia hesabu hiyo kwa miaka mingi. Nasema tu ya kuwa palikuwa na mizani mbili, moja yasema hivi na moja yasema vile, na kulla upande ulishika mizani iliyoupendeza ukaiita hiyo ndiyo haki. Wenye vichwa vingi walisema: tumeibiwa. Wenye viti vingi walisema: sheria ni sheria. Na hapana aliyekuwa mwongo katika alilolisema.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao, kama wapendavyo kusema wanaotudharau. Marekani mwaka 2016 Bibi Hillary Clinton alipata kura karibu milioni tatu zaidi ya Bwana Donald Trump, na Trump ndiye aliyeingia, kwa kuwa kule hesabu ya mwisho ni ya wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo. Nijeria mwaka 1979 sheria ilitaka robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo, na majimbo yalikuwa 19. Haya, theluthi mbili ya 19 ni ngapi? Ni 12 na theluthi mbili. Wakabishana kama jimbo laweza kukatwa vipande kama mkate, mpaka wakafika mahakama ya juu kabisa, na Alhaji Shehu Shagari akathibitishwa.

Turudi kwetu. Kabla ya Katiba ya 2010 Kenya ilikuwa na mikoa minane, na sheria iliyotungwa mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, ilitaka mshindi awe na kura nyingi kuliko wenzake, na awe na robo katika mikoa isiyopungua mitano. Haikutaka nusu ya kura zote. Mwaka ule Rais Moi alipata takriban kura 36 katika kulla 100. Wapinzani wake wakubwa watatu, Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga, waligawana zilizobaki, na hapana hatta mmoja kati yao aliyeifikia mikoa mitano. Basi watu 64 katika 100 walimkataa, naye akaapishwa. Ni kweli alikuwa amejulikana katika mikoa mingi kuliko wenzake, na wapinzani wake walijidhuru wenyewe kwa kutengana. Lakini pia ni kweli ya kuwa mizani ya mahali iliachwa ikaimeza mizani ya vichwa. Mwaka 1997 akaingia tena kwa kura 40 katika 100. Waliotunga Katiba ya 2010 waliliona hilo, ndipo wakazifunga mizani mbili pamoja.

Sasa nafika pahali ambapo kalamu yangu yataka kugeuka njia, nami siiachi.

Mwaka 2007 nilikuwa ningali kijana, nafundisha watoto hapa hapa Kawangware. Uchaguzi ulipigwa tarehe 27 Disemba. Siku tatu tulikaa tukisikiliza redio, na hesabu zikija kutoka jumba la KICC katikati ya mji, mara hizi, mara zile. Tarehe 30 marehemu Kivuitu, mwenyekiti wa tume, alitangaza ya kuwa Mwai Kibaki amepata kura 4,584,721, na Raila Odinga 4,352,993. Tofauti yao ni 231,728. Ghasia zilikuwa zimejaa ukumbini, na tangazo lenyewe likatolewa faraghani, mbele ya redio na televisheni ya serikali tu. Jioni ile ile, jua likitua, Kibaki akaapishwa Ikulu. Ilisemwa ya kuwa Odinga ameongoza katika mikoa iliyo mingi zaidi, na chama chake kilikuwa kimepata wabunge wengi kuliko vyote. Basi maneno yaliyokuwa mdomoni mwa kulla mtu ni haya: yawezekanaje aliyechukua mikoa mingi akashindwa?

Nami niliyasema. Usiku ule, nje ya msikiti, watu wamesimama vikundi vikundi, nilipanda kizingitini nikasema kwa sauti: “Mikoa iliyo mingi imesema. Aliyetangazwa ni mwizi, na kulla anayenyamaza ni mshirika wake.” Wakaitikia. Vijana walikuwapo, na wengine ni wanafunzi wangu.

Siku ya tatu lilivunjwa duka la jirani yetu. Alikuwa akiuza makaa na mafuta ya taa. Hakuwa Mwislamu, na kabila lake lilikuwa la yule aliyetangazwa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akitukopesha makaa ya kupikia futari ya madrasa, wala hakuwa akiandika deni, akisema, “Maalim, wewe utakumbuka.” Sijui kama waliolivunja duka lake ni wale walionisikia. Sikuuliza. Asubuhi yake mkewe alikuja mlangoni pangu na mtoto mgongoni, akasema: “Maalim, sisi tunakwenda. Kama kuna neno, tuambie.” Nikamwambia Mungu awe nanyi, nikafunga mlango.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu niliyesomeshwa tangu udogoni ya kuwa shahidi hashuhudii illa aliloliona kwa jicho lake au alilolithibitisha. Hilo nalifundisha. Kadhi hakubali ushahidi wa mtu aliyesema “nimesikia” juu ya mbuzi aliyepotea. Nami usiku ule nilisimama nikashuhudia juu ya kura milioni tisa, na mkononi sina karatasi hatta moja. Mwaka 2008 tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza hesabu ile yote, ikasema ya kuwa imeharibika kiasi cha kwamba haiwezekani tena kujua nani aliyeshinda. Yaani hajulikani mpaka leo. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na laki kadhaa wakafukuzwa majumbani kwao, juu ya jambo ambalo hapana aliyelijua wala atakayelijua. Moi alifariki 2020, Kibaki 2022, Kivuitu 2013, Raila Odinga 2025. Hesabu zao ziko mbele ya asiyekosea hesabu. Sisi tulio hai ndio tulio na kazi.

Sasa tazama ajabu hii. Mwaka 2022 tarehe 15 Agosti, huko Bomas, William Ruto alitangazwa kuwa amepata kura 7,176,141, na Raila Odinga 6,942,930. Toa hesabu mwenyewe: tofauti ni 233,211. Yaani tofauti ya mwaka 2007 na tofauti ya mwaka 2022 zakaribiana kama pacha; baina yao hamna hatta kura 1,500. Tena mwaka 2022 mambo mengine yalikuwa mabaya kama yale ya kwanza: makamishna wanne kati ya saba walitoka wakayakana matokeo, ukumbini watu walipigana, na hapa Nairobi, kama Mombasa na Kilifi na Kwale, waliompigia Odinga walikuwa zaidi ya nusu, basi waliokasirika mitaani kwetu walikuwa wengi. Nilifunga madirisha, nikangoja moto.

Moto haukuja. Siku ya pili niliwakuta vijana wa darsa wamekaa barazani na simu zao, wameinama. Tume ilikuwa imeziweka wazi fomu za vituo vyote vya kupigia kura, zaidi ya 46,000, kulla mtu azione kama zilivyotiwa sahihi kituoni. Wao walikuwa wakizijumlisha za Kawangware, za Gatina na za Kabiro, na yule kijana wa Amu alikuwa akizitafuta za kwao, aone kituo alichopigia mama yake. Walikuwa wakibishana, lakini walikuwa wakibishana juu ya karatasi. Mmoja alisema: “Hapa pameandikwa 214, si 241, soma vizuri.” Sijapata kusikia maneno ya siasa yaliyonifurahisha kama hayo. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, katikati ya mji, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakayathibitisha matokeo. Wengi hawakuridhika, na mwaka uliofuata watu wakafa katika maandamano. Sisemi palikuwa pema pote. Nasema ya kuwa hesabu ile ile ya laki mbili na thelathini na kitu mara moja ilichoma nchi, na mara moja ilipelekwa kwa kadhi.

Na mizani ya kaunti je, mwaka huo ilifanya nini? Ruto alipata robo katika kaunti 39, na Odinga katika 34. Wote wawili waliipita. Haikumtenga mmoja na mwingine. Shindano lote lilikuwa juu ya mizani ya vichwa, kama lilivyokuwa mwaka 2013, ambapo Uhuru Kenyatta aliipita nusu kwa kura elfu nane na kitu tu, na mahakama ikalazimika kuamua kama kura zilizoharibika nazo zahesabiwa katika kura zilizopigwa, au hazihesabiwi. Ikasema hazihesabiwi.

Walakini mwaka 2017 watufundisha jambo jingine. Mwezi wa Agosti tofauti ya Uhuru na Odinga ilitangazwa kuwa kura zaidi ya milioni moja na laki nne, na tarehe 1 Septemba mahakama ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne juu ya wawili, iliubatilisha uchaguzi wote. Haikusema ya kuwa hesabu ni ndogo. Ilisema ya kuwa upimaji haukufuata sheria. Ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, Odinga akajitoa, na Uhuru akapata kura 98 katika kulla 100. Tisini na nane! Wafalme wengi hawapati hizo. Lakini waliotoka kupiga kura hawakufika wanne katika kulla kumi walioandikishwa, na katika sehemu nyingi za kaunti nne za Nyanza kura haikupigwa. Siku ya pili yake, hapa Kawangware, vibanda na maduka vilichomwa na damu ikamwagika. Basi kama wingi wa vichwa peke yake ndio haki, ingalipasa siku ile iwe siku ya amani kuliko zote.

Kwa haya yote mimi naona hivi, na mwenye rai iliyo bora na ailete. Kuchagua mizani gani itumiwe, ya vichwa au ya mahali au zote mbili, ni jambo la maafikiano, na watu wenye akili waweza kukhitilafiana bila ya mmoja wao kuwa dhalimu. Mimi nazipenda zote mbili pamoja, kwa sababu ile ya kisima: mwenye nyumba kubwa apate haki ya ukubwa wake, lakini alazimike kubisha hodi. Robo si mapenzi, ni kujulikana tu. Na lau ningeulizwa ningesema robo ni ndogo mno. Dhulma yaingia pahali pawili pengine. Yaingia mpimaji anapoificha mizani, hatta akiwa amepima sawa. Na yaingia anayepimiwa anapobadilisha mizani baada ya kupimwa: akishinda kwa vichwa asema vichwa, akishindwa kwa vichwa asema mikoa. Serikali ilifanya la kwanza mwaka 2007. La pili nililifanya mimi.

Waislamu tuna kisa tunachokisoma kulla mwaka na hatukitazami upande huu. Sayyidna Umar alipojeruhiwa, mwaka 23 wa Hijra, aliwataja watu sita washauriane wamtoe mmoja wao. Abdurrahman bin Auf alikuwa mmoja wa wale sita, naye alikuwa mtu wa cheo na mali na watu. La kwanza alilolifanya ni kujitoa mwenyewe katika kugombea, ili aaminiwe kupima. Kisha alizunguka Madina akiwauliza watu, hatta usiku, siku tatu. Na alipopata jawabu hakulitoa chumbani bali msikitini, watu wote wamehudhuria. Wako waliotaka mwingine asiyekuwa Sayyidna Uthman. Lakini walimwona mpimaji akipima. Nawauliza wanaoketi katika tume zetu, na sisi tunaoketi katika kamati za misikiti yetu, ambazo nyingine hazijafanya uchaguzi tangu nilipokuwa sina ndevu: nani kati yetu aliyejitoa ili aaminiwe?

Nimemjibu kijana wangu hivi: “Kura yako na ya mama yako ni sawa katika mizani ya kwanza, na ya mama ni nzito katika ya pili, nalo ni jambo tulilokubaliana kabla ya kupima, basi si dhulma. Siku ya uchaguzi ujao piga yako, kisha ungoje mpaka ibandikwe karatasi mlangoni mwa kituo, uisome kwa jicho lako. Ukiulizwa na watu, sema ulichokisoma katika kituo hicho, na vituo vingine uwaachie waliovisoma.”

Akatafakari, akasema: “Na kama walioniuliza wamekasirika, Maalim, wataka niwaambie nani mwizi?”

Ndipo nikamhadithia khabari ya muuza makaa, ambayo kwa miaka yote hiyo sikupata kumhadithia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu, aliniuliza tu mtu yule yuko wapi sasa. Nikamwambia nimepata kusikia kwamba ana kibanda Uthiru, juu kidogo ya barabara kuu. Akasema: “Uthiru ni nauli ya gari moja tu, Maalim.”

Ni kweli. Ijumaa hii, tukijaaliwa, baada ya sala ya Jamia sitapita Jeevanjee. Nitakwenda stendi, na kijana amesema atafunga biashara yake mapema anifuate, kwa kuwa yeye aijua njia. Deni la makaa ya Ramadhani ile nimelikadiria kwa kadiri ya kumbukumbu yangu, nimelitia katika bahasha. Maneno ya kumwambia bado sijayapata.